Kabla ya kulipia mashine, lishike tumbo lako

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34 na watoto wawili. Wa mwisho ametimiza miaka miwili na nusu, nilimzaa kwa oparesheni. Nina kilo 74 na urefu wa sentimita 163. Mwili umerudi vizuri ila tumbo limegoma. Nikivaa dera halionekani, nikivaa gauni la kubana watu wananiuliza nina miezi mingapi. Kuna kliniki ya urembo Dar imenipa kifurushi cha shilingi milioni tatu na laki mbili: kugandisha mafuta mara mbili na mashine ya misuli mara nne. Wanasema nitapata siksipaki bila jasho wala kisu. Nimeshatoa laki tatu za kushika nafasi. Je, vitu hivi vinafanya kazi kweli? Mkanda wa kubana nimevaa mwaka mzima sijaona tofauti. Sina ugonjwa wowote wala situmii dawa, ila nina kitanzi.
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwisho kabisa wa barua, kama mtu aliyekwisha kuaga akakumbuka neno mlangoni, umetaja kitanzi. Naanza na hapo.

Kama ni kitanzi cha shaba, na vingi vinavyowekwa kwenye vituo vyetu vya afya ni vya shaba, usilale chini ya hiyo mashine ya misuli. Inafanya kazi kwa sumaku kali inayowaka na kuzima kwa kasi, na sumaku ya namna hiyo huzalisha umeme ndani ya madini kama shaba. Ndiyo maana kitanzi cha shaba kimo kwenye makatazo ya watengenezaji wenyewe, pamoja na kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, vyuma vilivyofungwa mwilini, kifafa na ujauzito. Aliyekupigia hesabu ya kifurushi alipaswa kukuuliza njia yako ya uzazi wa mpango kabla hajataja bei. Kama hakuuliza, sababu ya kudai laki tatu zako unayo. Na tafadhali sana, usiende kukitoa kitanzi ili kupisha mashine. Kitanzi cha shaba kinakulinda miaka kumi na zaidi, mashine ni ya wiki mbili, na mimba usiyoipanga italirudisha tumbo lote ulilolipia.

Sasa swali lako. Vinafanya kazi, ndiyo, ila kila kimoja kinagusa tabaka moja tu, na tumbo linalobaki baada ya uzazi huwa ni mambo manne yaliyochanganyika: mafuta ya chini ya ngozi, mafuta ya ndani yanayozunguka utumbo na ini, misuli iliyoachana katikati, na ngozi iliyolegea. Kwa nje yote yanaonekana kitu kimoja. Ndiyo maana wanawake wawili wenye tumbo la ukubwa uleule wanaweza kulipa pesa ileile kwenye mashine ileile, mmoja akarudi kwangu anacheka na mwingine analia. Aliyelia hakutapeliwa. Alitibiwa mafuta wakati tatizo lake lilikuwa misuli.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza hata shilingi, nataka ujue lako ni lipi. Huhitaji mashine kujua.

Usiku watoto wakishalala, lala chali, kunja magoti, nyayo zikae kitandani. Weka vidole vya mkono mmoja juu ya kitovu, ncha zikielekea miguuni, ubonyeze taratibu. Sasa inua kichwa na mabega kidogo, kama unayetaka kuviona vidole vya miguu. Utasikia kuta mbili za misuli zikikaza kulia na kushoto kama kamba mbili. Hesabu ni vidole vingapi vinaingia kati ya kamba hizo. Rudia ukiwa umepanda upana wa kiganja juu ya kitovu, kisha chini yake. Vikiingia viwili au zaidi, misuli yako imeachana. Ukiona katikati ya tumbo panainuka kama mgongo wa mtumbwi uliopinduliwa, hiyo ni dalili ileile. Na ukikohoa ukaona kivimbe laini kinachomoza kitovuni au karibu na kovu la oparesheni, huenda ni ngiri. Hapo usiende kliniki ya urembo kabisa, nenda hospitali, kwa sababu kikombe cha kugandisha mafuta hakiruhusiwi kuwekwa juu ya ngiri.

Ukimaliza, simama. Bana nyama ya chini ya kitovu kwa dole gumba na vidole viwili. Unachokishika, kile tunachokiita nyama uzembe, ndiyo mafuta ya chini ya ngozi, na hayo ndiyo pekee ambayo mashine inaweza kuyafikia. Kama tumbo limetokeza halafu ni gumu kama ngoma na mkunjo unaoshikika ni mwembamba, basi mafuta mengi yako ndani. Hayo hayagandishwi wala hayayeyushwi na mashine yoyote ya kliniki, na ndiyo yanayofuatana na kisukari na shinikizo la damu. Chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linahesabu sentimita 80 kwa mwanamke kuwa mwanzo wa hatari. Ukizidi hapo, pima sukari na presha kwanza. Mafuta ya ndani yana jambo moja jema: ndiyo yanayowahi kupungua mtu akianza kutembea kwa bidii na kupunguza wanga na soda.

Tukija kwenye kugandisha mafuta, huenda umewahi kuona mafuta ya nazi asubuhi ya Julai kule Iringa au Mbeya. Yameganda chupani, meupe, na maji ya kunywa pembeni yake bado yanamwagika. Mafuta huganda kwenye baridi ambayo maji hayaitikii. Mwaka 1970 madaktari wawili Marekani, Epstein na Oren, walieleza habari ya mtoto aliyepata uvimbe mgumu shavuni kwa sababu ya kunyonya barafu ya kijiti: baridi ilikuwa imeumiza mafuta ya shavu, ngozi ikabaki salama. Mwaka 2008 Dieter Manstein na Rox Anderson wa Boston walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa nguruwe, wakaonyesha kwamba baridi iliyopimwa vizuri huua chembe za mafuta bila kuchoma ngozi. Mashine iliyotokana na kazi hiyo, CoolSculpting, iliruhusiwa Marekani kwa nyama za ubavuni mwaka 2010 na kwa tumbo mwaka 2012.

Wanakuwekea karatasi yenye jeli ya kuzuia ngozi isiungue kwa baridi, kisha kikombe kinavuta mkunjo wa tumbo kwa nguvu. Dakika kumi za mwanzo zinauma, panavuta na kuwasha kwa baridi, halafu ganzi inaingia na watu wengine husinzia. Baada ya dakika 35 hadi saa moja kikombe kinatoka, na nyama inabaki imesimama ikiwa na umbo la kikombe, ngumu na baridi kama samli iliyoganda. Mtoa huduma anaikanda dakika mbili, na kukanda huko ndiko wengi wanakokulalamikia kuliko baridi yenyewe. Wiki zinazofuata chembe zilizokufa zinaliwa taratibu na chembe za kinga za mwili. Matokeo yanahesabiwa baada ya miezi miwili hadi mitatu.

Kinachopungua ni kama asilimia 20 hadi 25 ya unene wa mafuta pale kikombe kilipokaa. Geuza hesabu hiyo iwe vidole vyako: mkunjo wa sentimita nne unakuwa wa sentimita tatu. Kwenye mizani hakuna kitu. Kwa mwanamke mwenye uzito wa kawaida aliyebaki na kimkunjo kimoja kigumu kuondoka, sentimita hiyo moja inabadilisha gauni. Kwa mwenye mafuta ya tumbo zima haionekani, na misuli yako ikiwa imeachana utabaki na tumbo lilelile lenye mkunjo mwembamba kidogo.

Hatari zake zisemwe bila kuficha. Ganzi na michubuko ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki chache. Wenye magonjwa ya damu yanayoamshwa na baridi hawaruhusiwi kabisa. Kisha kuna jambo adimu ambalo ni lazima uambiwe kabla ya kusaini: mafuta badala ya kufa yanakua, yanakuwa magumu, yakichukua umbo la kikombe. Lilielezwa kwa mara ya kwanza kwenye jarida la kitabibu mwaka 2014, na mwaka 2021 mwanamitindo wa Kanada, Linda Evangelista, alijitokeza hadharani akasema lilimpata na likamfungia ndani kwa miaka. Makadirio ya awali ya mtengenezaji yalikuwa mtu 1 kwa kila matibabu 20,000, tafiti zilizofuata zikaona linatokea mara nyingi zaidi ya hapo. Haliondoki lenyewe. Tiba yake ni upasuaji wa kunyonya mafuta, yaani kile kisu ulichotaka kukikwepa.

Linalonikosesha usingizi zaidi, kwa mazingira yetu, ni mashine za bei poa zinazoagizwa mtandaoni. Ubora wa mashine hii uko kwenye kipimajoto chake, kinachohisi ngozi kila wakati na kuzima kabla haijaungua. Mashine ya kuiga inaweza isiwe nacho. Nilimtibu dada mmoja aliyetoka kwenye saluni moja akiwa na malengelenge ubavuni. Yalipona, lakini kwa ngozi yetu nyeusi kidonda cha kuungua huacha rangi, naye alibaki na alama yenye pembe nne, nyeusi kuliko ngozi yake, iliyochukua zaidi ya mwaka kufifia. Uliza jina la mashine, namba yake, na kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba. Mwulize anayeiendesha kama yuko chini ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kliniki nzuri haichukii kuulizwa.

Sasa mashine ya misuli. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzalisha umeme. Mashine hii inautumia umeme huo kuamsha mishipa ya fahamu inayoongoza misuli ya tumbo. Unafungwa sahani nzito tumboni kwa mkanda, na kwa nusu saa misuli inakazwa karibu mara 20,000, mikazo mikali kuliko unayoweza kuifanya kwa hiari. Ni hali ya ajabu: tumbo linajikunja lenyewe, ukiliambia lilegee halikusikii, na kila baada ya muda mashine inagonga-gonga taratibu kulegeza. Kesho yake utajisikia kama uliyeshinda shambani na jembe. Emsculpt, inayojulikana zaidi, iliruhusiwa Marekani mwaka 2018, na utaratibu wake ni mara nne ndani ya wiki mbili hivi, kama walivyokupangia.

Hii ina faida ya kweli, na kwa mama aliyezaa naiona ina maana kuliko baridi. Utafiti mmoja wa mwaka 2019 uliwapima watu 22 kwa MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili. Miezi miwili baadaye mafuta ya tumbo yalikuwa yamepungua asilimia 18.6, misuli imenenepa asilimia 15.4, na mwanya kati ya misuli umepungua asilimia 10.4. Asilimia zinapendeza kwenye bango, kwa hiyo tuzishushe mpaka kwenye mwili. Msuli wa milimita 10 unakuwa wa milimita 11 na nusu. Mwanya wa sentimita tatu unakuwa wa sentimita mbili na milimita saba. Ni nafuu, lakini ukiuweka vidole usiku utaukuta mwanya bado upo. Tena watu 22 ni wachache, na nyingi ya tafiti za mashine hizi zimefanywa na madaktari wenye uhusiano na watengenezaji. Nao msuli uliojengwa na mashine unafuata sheria ya misuli yote: usipotumiwa unarudi ulikotoka, ndipo kliniki inakuita urudi kuongezea.

Siksipaki waliyokuahidi siiamini kwa mwili ulionieleza. Vile vipande tayari unavyo, kila mtu anavyo, ni misuli iliyokatwa na kano za asili. Vinafichwa na mafuta yaliyo juu yake. Kwa kilo 74 na urefu wako, kunenepesha msuli milimita moja na nusu chini ya mafuta ya sentimita kadhaa ni kama kunyoosha kitanda kisha kutandika godoro juu yake. Wale wa kwenye picha walikuwa wembamba kabla ya kulala kwenye mashine.

Usije ukaichanganya mashine hii na mikanda midogo ya umeme inayouzwa madukani kwa maelfu ya shilingi. Ile inapitisha umeme kwenye ngozi, inaweza kuamsha msuli kidogo, lakini mafuta haigusi.

Wakikushawishi ubadilishe, utasikia pia habari za leza, altrasaundi na mawimbi ya redio. Kwa kawaida hizo zinapasha mafuta moto badala ya baridi, na matokeo yake hayapishani sana na ya kugandisha. Leza ya nanomita 1060 (ndicho kipimo cha wimbi la mwanga wake), iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015, ina unafuu mmoja kwetu: mwanga wake haunaswi sana na rangi ya ngozi. Leza nyingine usikubali zikupite tumboni bila daktari anayeijua ngozi nyeusi. Sindano za kuyeyusha mafuta zikataeni kabisa, wewe na shoga zako. Dawa iliyopitishwa Marekani mwaka 2015 ni ya kidevu cha pili tu, na vichupa vinavyozungushwa kwa ajili ya tumbo havina wa kuthibitisha kilichomo.

Kuhusu mkanda: mama zetu walitufunga kanga siku arobaini na kutukanda maji ya moto, na mimi nilifungwa. Kufungwa kunashikilia mgongo na kumpa mzazi utulivu wakati mwili bado uko wazi. Lakini mkanda hufanya kazi badala ya misuli. Ukiuvaa mwaka mzima misuli inastarehe, ndiyo maana hujaona tofauti. Uvue.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Kwa kipimo cha vidole, kama vinaingia viwili au zaidi, pesa ya kwanza iende kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Atakufundisha kukaza msuli wa ndani kabisa, ule unaozunguka kiuno kama mkanda wa asili. Unaweza kuanza leo: ukiwa umelala vilevile magoti yamekunjwa, vuta pumzi tumbo likijaa, kisha toa pumzi polepole kwa mdomo kama unayepuliza jiko la mkaa bila kurusha majivu, huku ukivuta kitovu kuelekea uti wa mgongo na kukaza chini kama unayezuia mkojo. Hesabu hadi tano, legeza. Kumi asubuhi, kumi usiku. Yale mazoezi ya kulala na kuinuka yaache kwanza kama tumbo linainuka kama mgongo wa mtumbwi, yanaweza kusukuma mwanya ufunguke. Ongeza mwendo wa nusu saa kila siku, na sahani ya usiku ipunguze ugali iongeze mboga na maharage. Jipe wiki 12.

Wiki hizo zikiisha, bana tena. Kama kimebaki kimkunjo kinachoshikika na uzito umetulia, kugandisha mafuta mara moja, sehemu moja, kwa mashine yenye usajili, ni matumizi halali ya pesa yako na sitakupinga. Mashine ya misuli isubiri mpaka siku kitanzi kitakapotolewa kwa sababu zako mwenyewe. Kama unafikiria mtoto wa tatu, vyote visubiri. Na kama kilichobaki ni ngozi inayoning'inia juu ya kovu, hakuna baridi wala sumaku inayoikata. Hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji, na mazungumzo yake ni mengine.

Kliniki waandikie ujumbe, usipige simu, ili ubaki na maandishi. Kama kitanzi ni cha shaba na hukuulizwa, waeleze hivyo na uombe laki tatu zako. Kabla ya hapo angalia kadi ya uzazi wa mpango uliyopewa, aina ya kitanzi imeandikwa hapo. Kisha niandikie tena namba tatu: vidole vilivyoingia, sentimita za mkunjo, na sentimita za kiuno.